Nusu ya Mke

Siku Tak Sunrye alipoachana na mumewe kisheria, walitoka kortini pamoja na wakaenda kula tambi pamoja. Kibanda cha tambi kiko nyuma tu ya korti ya familia, hapo mjini Daegu. Hyeongdo, mume mwenyewe, alichambua chaza waliokuwa kwenye bakuli lake, akawatia kwenye bakuli la Sunrye mmoja mmoja, kama alivyofanya tangu walipokuwa wachumba.

"Koma," Sunrye akamwambia. "Mimi sasa ni mwanamke wa watu."

"Watu gani hao?"

"Nipe muda, nitawatafuta."

Wakacheka mpaka mwenye kibanda akawageukia, maana wateja wanaotoka katika jengo lile huwa hawacheki. Huwa wanaagiza pombe ya soju na kutazama ukuta.

Ilikuwa talaka ya makaratasi. Hyeongdo alikuwa na karakana ya kutengeneza mabango ya maduka, na maduka yalipoanza kufungwa moja baada ya jingine, nani angetaka bango? Alikopa ili alipe mafundi, akakopa tena ili alipe mkopo wa kwanza, na mwishowe karakana ikafungwa na deni likabaki wazi. Mali yao pekee ilikuwa amana ya nyumba, lile fungu kubwa ambalo mpangaji humkabidhi mwenye nyumba siku ya kuingia na kurudishiwa siku ya kutoka. Shemeji mmoja ndiye aliyewafungua macho. "Mke hadaiwi deni la mume," aliwaambia, huku akijimenyea chungwa lao. "Achaneni kwenye karatasi, amana iandikwe jina la Mama Garam huyu, mwisho wa habari. Mtaendelea kulala hapahapa, nani atakuja kuwafunua shuka?" Shemeji huyo alikuwa muuza bima, na sheria aliijua nusu, ile nusu tamu.

Usiwacheke haraka. Katika jengo lao la ghorofa hakuna asiyemjua mtu aliyefanya hivyo, na waliofanya walikuwa watu wa heshima zao, wanaokwenda kanisani na wanaofagia ngazi kwa zamu. Mtu anayezama hashiki kamba kwa kuchagua rangi.

Kilichofuata ndicho ambacho hawakukifikiria. Viatu vya Hyeongdo vilianza kuingia kabatini badala ya kukaa mlangoni. Mswaki wake ukahamia kwenye mfuko. Garam, binti yao, aliyekuwa shule ya kati, alifundishwa kusema kwamba baba anafanya kazi Ulsan. Sunrye alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na wanawake wa jikoni hawana siri. Wakimenya vitunguu wanamenyana na wao kwa wao. "Mumeo hajambo?" walimwuliza. "Sina mume," alijibu, na mara ya kwanza alisema kwa kicheko. Alimjibu hivyo mlinzi wa jengo, akamjibu hivyo muuza tofu. Siku moja ya baridi alimjibu hivyo mwanamke wa ghorofa ya juu aliyekuja kuomba kitunguu saumu, akamjibu bila kicheko chochote, na Hyeongdo alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumba, akasikia.

Kuanzia hapo Hyeongdo akawa mgeni. Alitandika godoro lake mwenyewe usiku na kulikunja asubuhi kabla hajaambiwa. Alikohoa kabla ya kuingia jikoni. "Mama Garam," alisema jioni moja, amesimama mbele ya friji, "naweza kuchukua maji?" Sunrye alimkodolea macho, akidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha, na hilo lilimuumiza Sunrye.

Sasa niwaambie habari ya friji ya pili, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipokwama. Mama yake Sunrye, Bi Bongsim, aliuza samaki wa kutiwa chumvi katika soko la Seomun tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkatalia. Alikuwa mwanamke asiyetia chumvi kwenye maneno. Yote aliimalizia kwenye kabichi. Kila Novemba alikuja kwa Sunrye na kisu chake mwenyewe, akatengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya msimu mzima wa baridi, na kila mwaka Hyeongdo alionja akakunja uso.

"Mama mkwe, tunakula au tunahifadhiwa?"

"Kula wali zaidi," mama alijibu, bila hata kumtazama.

Ndiye aliyewanunulia friji ya kimchi, ile inayofunguka juu kama sanduku, akailipia noti kwa noti kutoka kwenye mfuko wa aproni yake. Novemba moja alikuja, akatengeneza, akarudi kwake. Februari akafariki. Katika boksi la chini kabisa la friji ile kulikuwa na kimchi yake ya mwisho, na Sunrye alilizungushia boksi utepe na hakulifungua tena. Kwetu hili linajulikana. Nguo za marehemu unachoma na vyombo vyake unagawa, lakini kimchi ya mwisho ya mama huwezi kuila, wala huwezi kuitupa. Mkono wake umo ndani.

Alifariki Februari, walitalikiana Mei. Januari iliyofuata, wakati wa likizo ya shule ambapo wapishi hukaa nyumbani bila mshahara, mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Pyo, ofisa wa kutekeleza hukumu za korti, mtu mzima mwenye nywele za mvi zilizochanwa vizuri, pamoja na kijana mwenye suti aliyetumwa na mdai. Hyeongdo hakuwepo. Bwana Pyo alivua viatu, akainama kidogo kusalimu, akasoma hukumu kwa sauti ya chini.

"Tumeachana," Sunrye akasema. "Haishi hapa. Vitu hivi ni vyangu."

Bwana Pyo aliingia bafuni akatoka. Alifungua kabati la viatu akalifunga. "Mama," akasema, "mimi sihukumu ndoa ya mtu. Mimi natazama nyumba. Nyumba hii ina wembe wenye povu bichi na buti za mwanamume. Kama vitu ni vyako, nenda kortini na risiti, watakusikiliza. Leo mimi nabandika."

Akaanza kubandika zile karatasi nyekundu za kushikilia mali ya mdaiwa, ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayetaka kuziona. Televisheni. Kiyoyozi. Mashine ya kufulia. Aliacha nguo, matandiko, sufuria na bakuli, na gunia la mchele, kwa sababu sheria humwachia mdaiwa chakula cha miezi miwili. Aliacha vitabu vya Garam na meza yake. Alipofika kwenye picha ya Bi Bongsim yenye utepe mweusi na vyombo vya kumtolea sadaka, alisimama, akainamisha kichwa. "Vya marehemu havigusiki," akasema. Aliyeiandika sheria ile alikuwa na huruma, siwezi kukataa, ila ilikuwa huruma ya kupimwa kwa kijiko.

"Na hilo friji?" kijana akauliza.

"La chakula cha kila siku. Liache."

"Na hili la kimchi?"

Bwana Pyo akashusha pumzi. "Hili la pili. Hili ndiyo."

"Ndani mna chakula!" Sunrye akasema, na sauti ikapanda bila yeye kutaka.

"Kilichomo ni chako, mama, hakuna atakayekigusa. Friji siyo." Akaibandika karatasi ubavuni, upande unaoelekea ukutani, mahali ambapo mgeni asingeiona haraka. Alifanya hivyo kwenye kila nyumba, na nadhani ndiyo maana aliweza kulala usiku.

Mwezi mzima waliishi na ile nyekundu. Unaruhusiwa kufungua friji na kula. Ukibandua karatasi, umetenda kosa la jinai. Garam alitundika taulo juu yake. Sunrye alikwenda kulitafuta duka mama alikonunua friji, akakuta panauzwa simu. Risiti hakuna, shahidi hakuna. Bila risiti, mali ya nyumbani huhesabiwa kuwa ya watu wanaoishi humo.

Siku ya mnada walikuja asubuhi, na mnada wenyewe ukafanyika palepale sebuleni, baina ya meza ya kulia na picha ya marehemu. Alikuja Bwana Pyo, akaja yule kijana wa mdai, akaja pia mnunuzi wa vitu chakavu mwenye koti la ngozi, ambaye hakuvua kofia. Hyeongdo alikuwa nyumbani safari hii. Mlango ulipogongwa alifanya alichokizoea: alinyakua viatu vyake akakimbilia kwenye roshani na kufunga mlango wa kioo. Wote walimwona, na wote wakajifanya hawakumwona.

Sunrye alikuwa na bahasha ya won laki nne. Ilikuwa zamu yake ya upatu. Wanawake wa jikoni walimpa zamu ya mbele bila kuuliza, na hilo pekee lilionyesha kwamba walijua kila kitu.

"Vyote kwa pamoja," Bwana Pyo akatangaza. "Tunaanza laki tatu."

"Laki tatu na nusu," Sunrye akasema.

"Laki tatu na themanini," akasema wa koti la ngozi.

"Laki nne."

Mnunuzi akamtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, akajua kwamba bahasha imefika mwisho. "Laki saba. Tusichoshane, dada, gari langu limeziba njia huko chini. Ukivitaka nitakuuzia mwenyewe, vyote, milioni moja na robo. Kimoja kimoja siuzi."

Sunrye akaitazama bahasha mkononi mwake.

"Kabla sijafunga," Bwana Pyo akasema, "sheria inanitaka niulize. Mke wa mdaiwa yupo? Mke ana haki ya kwanza kununua kwa bei hiyohiyo iliyofikiwa. Na kwa kuwa vitu vya nyumba ni vya wote wawili, nusu ni yake tayari. Yeye hulipa nusu."

Laki tatu na nusu. Sunrye alikuwa nayo mkononi, na chenji juu.

"Kwenye karatasi huna mume," Bwana Pyo akaendelea, taratibu sana. "Lakini watu wanaoishi kama mke na mume, sheria inawakubali vilevile kwa jambo hili. Ila fikiria kwanza, mama. Ukisema ndiyo, naandika kwenye ripoti. Na ripoti inasomwa." Hakumtazama kijana wa mdai. Hakuwa na haja. Kijana alikwisha fungua kalamu yake.

Hata Garam, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, alielewa. Akisema yeye ni mke, basi talaka ilikuwa ya uongo, na kama talaka ilikuwa ya uongo, ile amana iliyohamishiwa jina lake ilihamishwa ili kumkwepa mdai. Wataifuata. Akikaa kimya, friji itateremshwa ngazi, nao watabaki na paa juu ya vichwa.

Sunrye akageukia mlango wa kioo wa roshani. Hyeongdo alikuwa amesimama na soksi kwenye vigae vya baridi, viatu vyake amevikumbatia kifuani kama mwizi aliyekamatwa navyo. Alikuwa amesikia. Akatikisa kichwa: usiseme. Akatikisa tena, na akainua mkono kumsihi. Alikuwa anamwomba mkewe amkane.

Hapo ndipo Sunrye alipochoka. Alimchoka shemeji na chungwa lake, akamchoka muuza tofu, akajichoka yeye mwenyewe na ule mdomo wake uliozoea.

"Mimi ni mke wake," akasema.

"Kwenye karatasi..."

"Karatasi ni ya uongo. Analala hapa. Hajawahi kulala kwingine hata siku moja." Kisha, bila kugeuka: "Garam, mfungulie baba yako mlango, atashikwa na homa."

Garam akafungua. Hyeongdo akaingia, akasimama katikati ya sebule yake bila kujua pa kuviweka viatu. Bwana Pyo aliandika. Kijana naye aliandika. Mnunuzi wa koti la ngozi akavuta kofia yake chini. "Mke kwa nusu bei," akasema. "Nimewahi kushindwa mengi, hili sijawahi." Akaondoka akiipigia honi njia aliyoiziba mwenyewe.

Mdai hakuchelewa. Majira ya kuchipua hayajaisha, Sunrye alikuwa ameshitakiwa. Mwanasheria wa msaada alimtetea alivyoweza: amana ile na yeye aliichangia kwa mshahara wake, si yote ya mume. Korti ikamwachia kidogo na kusema kilichobaki kirudi kwa mdai. Siwezi kusema walionewa. Deni lilikuwa deni, na nyuma ya kampuni iliyokuwa ikidai palikuwa na muuza vibao vya plastiki aliyempa Hyeongdo mzigo kwa kumwamini, naye alikuwa na watoto wake. Lakini niliwaona wakihama, nikamwona Garam akibeba picha ya bibi yake kifuani katika mvua, na sikuwa na jema la kusema kuhusu sheria yoyote siku ile.

Walihamia chumba kimoja juu ya duka la matairi. Friji ya kimchi ilichukua robo ya ukuta, na Garam alilala akiusikia mtetemo wake. Dada mkubwa wa Sunrye, Geumrye, alikuja kuwaona, akakaa chini, akatazama pande zote nne bila kugeuza shingo, na akawaka.

"Kwa ajili ya kabichi, Sunrye? Umepoteza nyumba kwa ajili ya kabichi? Ungeniletea lile boksi, kwangu kuna nafasi!"

"Ningekuletea, Dada."

"Basi?"

"Na mume wangu je? Naye ningekuletea?"

Geumrye akavua pete yake, akaiweka juu ya friji chini ya kitambaa, na akaondoka kabla hajarudishiwa.

Amana haikutosha, kwa hiyo amri ikaja kwenye mshahara. Mhasibu wa shule alimwita Sunrye ofisini, akafunga mlango na kumweleza huku akitazama meza: mshahara hauchukuliwi wote, nusu ndiyo mwisho, na kwa mtu wa kipato kidogo kuna kiwango cha kujikimu ambacho hakuna mdai anayekigusa, hata kama ni zaidi ya nusu. Mshahara wa mpishi ulikuwa umekipita kiwango hicho kwa upana wa kidole. Upana huo ndio uliokatwa, kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Hyeongdo alipata kazi ya kupakua vifurushi kwenye ghala, na wake nao ukakatwa vilevile. Walirudi ofisi ya wilaya kuandikisha ndoa upya, na mashahidi wao walikuwa Geumrye na mwenye duka la matairi, ambaye alitia sahihi na kuacha alama ya grisi. Viatu vya Hyeongdo vikarudi mlangoni, ncha zikitazama nje, wazi kwa yeyote anayepanda ngazi. Usiku, akitaka maji, alifungua friji akanywa.

Sunrye hakulifungua boksi la chini. Alisema atalifungua siku mshahara utakapokuja mzima. Watu wa jikoni walimtania kwamba litakuwa limegeuka siki, limegeuka udongo, limemea miguu na kuondoka. "Mnamjua mama yangu?" aliwajibu. "Alivyotia chumvi ile, mimi nitaoza kabla yake."

Deni lilipokwisha, mshahara ukaja mzima, mwezi wa Oktoba. Garam alikuwa amerudi kutoka chuo cha uuguzi kwa wikendi. Sunrye alipika wali mpya, akatandika gazeti sakafuni, akatoa boksi, na akakata utepe kwa kisu cha mama yake. Kimchi ilikuwa imeiva hadi rangi ya matofali ya zamani, na harufu ikajaza chumba, ikashuka ngazi mpaka kwenye matairi. Haikuwa imeharibika. Akaichana kwa mkono, vipande virefu, kama inavyopaswa, na kipande cha kwanza akakilaza juu ya wali wa Hyeongdo.

Hyeongdo akaweka mdomoni. Akatafuna muda mrefu, macho ameyafumba. Uso wake ukakunjamana palepale ulipokuwa ukikunjamana zamani.

"Chumvi," akasema. "Jamani, chumvi ya mama mkwe."

"Kula wali zaidi," Sunrye akamwambia, bila hata kumtazama.

Kisha akasikia aliyoyasema na sauti aliyoyasemea, akaweka vijiti vyake chini, akalia.